Mzee Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu

Mashariki ya Kongo uko mji wa Bukavu. Umejengwa juu ya vilima na juu ya ndimi tano za nchi kavu zilizoingia katika Ziwa Kivu, kama vidole vya mkono ulionyoshwa majini. Hewa yake ni ya baridi, kwa kuwa mji uko juu, yapata mita 1,500 kupita usawa wa bahari. Hapo mjini maji ya ziwa hupata mlango wa kutokea, na huo ndio mwanzo wa mto Ruzizi unaoteremka kwa kasi mpaka Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya Ruzizi ni nchi ya Rwanda. Mtu aliyesimama Bukavu huona nyumba za Cyangugu waziwazi, tena huweza kuvuka daraja kwa miguu yake. Shikeni vema jambo hili la mto na daraja, kwani ndipo yalipopitia mambo makubwa ya habari hii.

Kusini-magharibi ya mji, katika vilima vya Bushi, iko misioni ya Burhale. Huko alizaliwa Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo, mwaka 1926. Bashi ni watu wa migomba, maharagwe na mtama, na zaidi ya yote ni watu wa ng'ombe. Ng'ombe kwao ni mahari, ni urafiki, ni heshima ya mji. Mtoto wa kule hujua mapema kwamba mchungaji hatazami mvua wala jua. Akiliacha kundi lake siku moja tu, jioni atakuwa na maneno ya kujibu.

Zama zile nchi ilikuwa chini ya Wabelgiji. Mapadre Weupe walikuwa wamekwisha kufungua misioni nyingi katika Kivu, na shule zilikuwa mikononi mwao. Kijana Christophe alisoma, akapelekwa katika seminari ndogo ya Mugeri, upande wa Katana, kaskazini ya Bukavu. Njia ya upadre ilikuwa ndefu: miaka ya Kilatini, kisha miaka ya filosofia, kisha miaka ya teolojia. Wengi walianza, wachache walifika. Mwaka 1958 yeye alifika. Akapewa Sakramenti ya Daraja akiwa na umri wa miaka 32.

Ulikuwa wakati wa mambo kugeuka upesi. Mwaka 1959 Bukavu ilifanywa kuwa jimbo kuu, na tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru wake. Mapadre weusi walikuwa bado wachache, na kila mmoja alihitajiwa sana. Padre mmoja aliyesoma angeweza kutumaini kupewa parokia nzuri, kisha kazi ya juu. Padre Munzihirwa hakuifuata njia hiyo. Mwaka 1963 aliomba kuingia katika Shirika la Yezu, yaani Wayezuiti, shirika lililoanzishwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola na kuthibitishwa na Baba Mtakatifu mwaka 1540.

Hapa yafaa kueleza kidogo. Mtu akiingia shirika, hata kama amekwisha kuwa padre, huanza upya chini kabisa. Huitwa novisi. Hufagia, huosha vyombo, huamka kwa kengele, huomba ruhusa kwa mambo madogo. Kwa kijana wa miaka 18 si taabu kubwa. Kwa mtu wa miaka 37, ambaye juzi tu alikuwa akihubiri na kusalimiwa kwa heshima njiani, ni jambo jingine. Lakini alilipokea, akamaliza miaka ya majaribu, akaweka nadhiri zake.

Wakuu wake wakampeleka Ubelgiji, katika Chuo Kikuu cha Leuven, ambacho kilianzishwa mwaka 1425. Huko alisomea mambo ya jamii na ya uchumi. Alitaka kujua kwa nini watu wenye udongo mzuri, mvua ya kutosha na madini chini ya miguu yao wanalala na njaa. Miaka ile ile nyumbani kwao kulikuwa na vita. Mwaka 1964 waasi walishambulia Bukavu. Mwaka 1967 askari wa kukodiwa, wakiongozwa na Mbelgiji Jean Schramme, waliushika mji kwa miezi kadhaa, na walipoondoka nyumba nyingi zilikuwa magofu. Bukavu ulikuwa umekwisha kuyaonja machungu kabla ya hayo yatakayosimuliwa mbele.

Aliporudi Kongo alikaa Kinshasa, akawa mlezi wa kiroho wa wanafunzi wa chuo kikuu. Wakati huo nchi ilikuwa katika mkono wa Jenerali Mobutu, naye hakupenda kukosolewa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliandamana, na askari wakawapiga risasi, wengine walikufa. Mwaka 1971, siku kama ile ile, wenzao walitaka kuwakumbuka wafu wao. Serikali ikakasirika, ikafunga chuo, ikaamuru wanafunzi waingizwe jeshini kwa nguvu. Vijana waliozoea kalamu na vitabu wakapewa viatu vya askari. Wazazi walilia, kwani hawakujua watoto wao watatendwa nini katika kambi.

Padre Munzihirwa hakuguswa na amri ile. Alikuwa na miaka 45, tena mtu wa dini, hakuna aliyemtaka. Angeweza kubaki katika nyumba ya shirika na kuwaombea vijana wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliwaendea wakuu, akaomba naye aandikwe askari pamoja na wanafunzi, apate kuishi kama wanavyoishi wao. Ombi hilo liliwatia wakuu haya, maana adhabu iliyotolewa ili kuwaaibisha wanafunzi iligeuka kuwa jambo ambalo padre aliliomba kwa hiari. Wanafunzi wa miaka ile hawakusahau.

Baadaye alipewa kazi za kulea vijana wa Shirika lake, na tangu mwaka 1980 mpaka 1986 alikuwa mkuu wa Wayezuiti wa Afrika ya Kati. Ilikuwa kazi ya safari, barua na mikutano.

Mwaka 1986 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimwita kuwa askofu mwandamizi wa Kasongo, maana yake askofu anayemsaidia mwenye jimbo na ambaye atakirithi kiti chake. Mwenye jimbo alikuwa Askofu Timothée Pirigisha Mukombe, na mwaka 1990 Munzihirwa akaupokea mzigo wote.

Kasongo ni mji wa Maniema, magharibi ya Kivu, katika nchi ya misitu. Una historia yake. Katika karne ya kumi na tisa wafanya biashara kutoka pwani na Unguja walifika huko. Tippu Tip na watu wake walipafanya mahali pakuu pa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Misafara ilileta minyororo, ikaleta na mpunga, miembe, dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili. Ndiyo maana mtu wa Maniema huzungumza Kiswahili kama lugha ya nyumbani, ingawa bahari iko mbali sana. Jimbo lilikuwa kubwa na maskini, na barabara zilizojengwa zamani zilikuwa zimemezwa na majani. Askofu alizunguka humo bila makuu. Mavazi yake yalikuwa ya kawaida, na watu walimwita Mzee, jina ambalo kwetu sisi watu wa Afrika halitolewi kwa sababu ya mvi peke yake. Jina hilo lilimfuata hata kaburini.

Taabu kubwa ya watu wa huko, na ya Zaire nzima kwa miaka hiyo, ilikuwa askari wa nchi yao wenyewe. Hawakulipwa mshahara, au walilipwa kidogo kisichotosha chumvi; basi bunduki ikawa shamba lao. Walichukua mbuzi, kuku, baiskeli, mpaka masufuria. Mwananchi aliyemwona askari njiani alikimbilia porini. Askofu Munzihirwa aliyasema mambo haya hadharani, kanisani na mbele ya wakubwa, bila kuyafunika kwa maneno laini. Alifundisha kwamba askofu ni kama mlinzi anayewekwa juu ya ukuta usiku: akiona hatari na kunyamaza, damu ya watu itadaiwa kwake. Fundisho hili si lake. Limo katika kitabu cha nabii Ezekieli. Wengi hulisoma, naye alilitenda.

Mwaka 1993 Askofu Mkuu Aloys Mulindwa wa Bukavu, aliyekuwa ameliongoza jimbo kuu tangu miaka ya 1960, aliacha kazi. Munzihirwa akaombwa kulitunza jimbo hilo, na tarehe 14 Machi 1994 akatajwa kuwa Askofu Mkuu wake. Alikuwa na miaka 68. Hivyo mtoto wa Burhale akawa mchungaji wa watu wa kwao.

Hazikupita wiki nne. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya rais wa Rwanda iliangushwa Kigali, na toka usiku ule mauaji yakaanza, yaliyokuwa yametayarishwa zamani. Kwa muda wa siku mia hivi, Watutsi waliuawa kwa malaki, wanaume, wanawake na watoto wachanga, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki uovu ule. Wengine waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Waliofanya hayo walikuwa askari, wanamgambo walioitwa Interahamwe, na majirani wa kawaida, wengi wao watu waliobatizwa. Hili ni jambo zito, na watoto wa shule wasifichwe.

Mwezi wa Julai jeshi la upande wa pili, lililoitwa RPF, likashinda. Hapo Wahutu wengi wakaogopa kisasi wakakimbia. Walivuka Ruzizi wakiwa na magodoro kichwani, masufuria, mbuzi, na vikongwe migongoni. Katika siku chache malaki ya watu yalimiminika katika Bukavu na vijiji vyake. Walilala katika viwanja vya shule na makanisa, kando ya barabara, chini ya miti. Mji usiokuwa na maji ya kutosha kwa wenyeji wake ukapokea mji mwingine juu yake. Miti ikakatwa kwa kuni, ugonjwa wa kuhara ukaua watoto. Baadaye wakimbizi walipelekwa katika makambi, kama yale ya Kashusha na Inera kwenye barabara ya kaskazini, karibu na msitu wa Kahuzi.

Katika makambi hayo walikuwamo mama wajawazito na watoto wasiojua lolote. Walikuwamo pia wauaji wenye damu mikononi, tena wengine wenye silaha, nao waliwatawala wenzao kwa vitisho. Kumtenga mmoja na mwingine kulihitaji nguvu ya mataifa, na mataifa hayakutaka kufanya kazi hiyo. Walileta unga na mahema, wakaliacha lile lililo gumu.

Askofu Mkuu alijikuta katikati. Aliwapokea wageni kwa sababu walikuwa na njaa. Hakukubali kabila zima lihesabiwe kuwa na hatia kwa dhambi za baadhi yao; aliye na kosa ahukumiwe, asiye na kosa apate kurudi kwao kwa amani. Aliandika barua nyingi, kwa Umoja wa Mataifa, kwa mabalozi, hata kwa Jimmy Carter aliyekuwa zamani rais wa Marekani. Alionya kwamba silaha zilikuwa zinaendelea kuingia katika nchi za maziwa makuu, na kwamba moto uliowaka Rwanda ungevuka mto. Aliwakosoa wakuu wa Zaire na askari wao wanyang'anyi. Aliikosoa vilevile serikali mpya ya Kigali. Mtu anayesema hivyo hapati rafiki kwa wenye bunduki wa upande wowote. Wako waliomlaumu kwamba aliwatetea mno wakimbizi na kuyasahau machozi ya Watutsi. Waliomjua walishuhudia kwamba nyumba yake haikuuliza kabila la mtu.

Barua zake zilisomwa, pengine zikajibiwa kwa adabu, na mambo yakabaki palepale.

Mwaka 1996 moto ukavuka. Katika mwezi wa Oktoba vita vilianza kusini, katika nchi ya Uvira. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Siku zile zile serikali ya jimbo ilikuwa imewaamuru Banyamulenge, yaani Watutsi wakaao milimani huko tangu zamani, waondoke, nayo amri hiyo ilizidi kuchochea. Kabla mwezi haujaisha Uvira ukaanguka. Waliokuja walikuwa waasi wa muungano ulioitwa AFDL, pamoja na jeshi la Rwanda. Kisha ikawa zamu ya Bukavu.

Wenye vyeo walifanya nini? Wengi walipakia mali zao katika motokari wakaenda. Askari wa Mobutu walipora walichoweza, nao wakaenda. Waliobaki walikuwa watu wasio na motokari, na Askofu Mkuu. Yeye alikuwa nayo. Aliyajua vema maneno aliyokuwa ameyaandika juu ya wale waliokuwa wakija, tena alijua kwamba nao wanayajua. Njia ya kwenda magharibi ilikuwa bado wazi, na katika Eklezya askofu anayekimbia ili aishi awatumikie watu wake baadaye hahesabiwi kuwa amekosa. Alibaki. Katika siku za mwisho alikuwa kama ndiye mkuu pekee wa mji. Aliwatuma watu maneno ya kuwatuliza: wakae majumbani, wasidhulumiane, wasipoteze mapendo kwa sababu ya hofu. Akawaandikia pia mataifa mara ya mwisho, kuomba msaada, nao haukuja.

Tarehe 29 Oktoba 1996 askari waliingia mjini. Mizinga ililia, risasi zikapiga mabati. Jioni ya siku hiyo Askofu Mkuu alikuwa akipita kwa motokari penye njia panda ya Nyawera, na hapo askari wa Rwanda wakaisimamisha. Alishuka, akawaendea kwa miguu, msalaba mkononi. Inaaminika kwamba kwa kujitoa hivyo alitaka kuwapatia wenzake nafasi ya kupona. Askari walimshika, kisha wakampiga risasi. Baadhi ya waliofuatana naye waliuawa pia. Alikuwa na miaka 70.

Mwili wake ulikaa barabarani usiku ule na baadaye, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kutoka nje. Mji mzima ulikuwa umejifungia, na habari ilipita ukutani, nyumba kwa nyumba, kwa sauti ya chini. Ilipita zaidi ya siku nzima ndipo vijana wachache wa seminari ya Waksaveri walipoweza kufika mahali pale. Waliuinua, wakautayarisha kwa mazishi. Akazikwa mbele ya kanisa kuu la Bikira Maria wa Amani.

Siku chache baada ya kifo chake makambi ya Kashusha na Inera yalishambuliwa na kutawanywa. Wakimbizi waliobaki waliingia msituni, wakatembea kuelekea magharibi mamia ya kilometa, kupitia Shabunda na Tingi-Tingi, wakifa njiani kwa risasi, kwa njaa na kwa homa. Vile alivyokuwa ameviogopa katika barua zake vilitimia kimoja kimoja.

Kiti cha Bukavu kilikaa wazi miezi kadhaa. Kukikalia wakati ule hakukuwa heshima ya kutamanika. Mwezi wa Machi mwaka 1997 Baba Mtakatifu alimchagua Emmanuel Kataliko, Askofu wa Butembo-Beni, mtu aliyekuwa na miaka thelathini katika kazi ya uaskofu na aliyependwa sana kwao. Aliacha nyumba yake na milima yake, akaja Bukavu. Kwa Noeli ya mwaka 1999 aliwaandikia wakristu barua juu ya dhuluma wanayotendewa, na mwezi wa Februari 2000 wale waliotawala mji wakamkamata na kumrudisha Butembo kwa nguvu. Wakristu wa Bukavu hawakukubali. Makanisa na shule zikafungwa kwa siku nyingi kuonyesha huzuni yao. Baada ya miezi saba aliruhusiwa kurudi, na watu walijaa barabarani kumlaki. Hakukaa hata mwezi. Alikwenda Roma kwa mkutano, akafa huko tarehe 4 Oktoba 2000. Wakamleta Bukavu, wakamzika katika mji ule ule alimozikwa Mzee Munzihirwa.